Kamera Mbili na Jicho la Kulia

Mwaka niliponuia kununua kamera yangu mwenyewe, jicho langu la kulia lilikuwa linakufa na mimi sikuwa na habari. Nilijua tu kwamba linawasha. Nani Newala hawashwi macho mwezi wa saba? Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ukifika, vumbi la salfa linaruka kutoka kila shamba, linatua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai ukisahau kufunika kikombe. Watu wanatembea na macho mekundu kama waliotoka msibani. Ukimwuliza mtu ana nini, atakujibu neno moja tu, "Salfa," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina shamba la mikorosho Makote, urithi wa baba. Picha ni ugonjwa wangu tu, hakuna anayenilipa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naazima kamera ya mwalimu mwenzangu, mpaka akahamishwa mkoa mwingine na kamera yake ikaondoka naye. Nikabaki na simu. Kila mtu akaniambia simu za siku hizi zinatosha. Zinatosha kwa anayetaka kutosheka. Mimi nilitaka kamera kubwa, zile unazoweka jicho kwenye kitundu ukachungulia kupitia lenzi yenyewe, dunia nzima ikabaki nje na wewe ukabaki na kile ulichokichagua. Kuangalia picha kwenye kioo cha simu, mkono umenyooshwa mbele, kwangu ni sawa na kunusa chakula cha jirani.

Masasi kulikuwa na mzee mwenye duka la vifaa vya umeme, redio na simu, mtu wa zile familia za wafanyabiashara za tangu enzi za mababu. Alikuwa na kamera mbili zilizotumika. Zilitoka kiwanda kimoja, rangi moja, umbo moja, majina yao yakipishana kwa tarakimu tu. Nilizisoma kwenye mtandao hadi macho yakaniuma. Mmoja anaandika hii ina kasi zaidi, mwingine anaandika ile inavumilia giza zaidi, wa tatu anawatukana wote wawili. Mwisho wa yote nikajua nilichokuwa nakijua mwanzo, kwamba ni mapacha.

Basi nikateremka na pikipiki hadi Masasi nikazijaribu. Niliinua ya kwanza nikaielekeza barabarani, ng'ambo, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza maembe makavu. Niliona uso wake vizuri sana, hata uzi wa kitambaa cha kichwani. Lakini pembeni picha ilififia, kama mtu ameziba kingo kwa moshi. Nikaishusha. Jicho likawasha, nikalisugua hadi likatoa machozi, kwa hiyo ya pili nikaichungulia kwa jicho la kushoto. Loo! Barabara yote ikajaa humo, mama, beseni, ukuta, bodaboda wawili waliokuwa wanataniana. Nikamwambia mzee kwamba ile ya kwanza lenzi yake imeingia ukungu. Akaichukua, akaifuta, akaitazama kwenye mwanga, akasema haoni kitu. Nikamwona muongo, lakini kwa adabu nikamshukuru.

Sikununua siku ile. Nilitaka kujiridhisha, na korosho hazikuwa zimeuzwa bado.

Huko nyumbani nikawa na jina jipya. Walianza kusema mwalimu anaringa. Wazee waliokaa barazani walilalamika kwamba napita bila shikamoo, mtoto waliyemlea wenyewe, sasa kapata cheo. Sikuwa na cheo chochote. Nilikasirika sana, nikasema watu wa huku wakikosa la kusema wanasema hata kivuli chako. Kisha siku moja, nikitoka nyumbani kwa shangazi yangu, nikapiga teke ndoo iliyokuwa mlangoni upande wa kulia. Ndoo imejaa. Asiyeishi juu ya uwanda huu wa juu, usio na mito, hawezi kuelewa maana ya kumwaga maji ya mwanamke aliyeyapangia foleni tangu alfajiri.

"Ntu nzima, ndoo huioni?" shangazi alisema, akiangalia maji yanavyozama kwenye mchanga.

"Salfa, shangazi," nikajibu. "Macho yamejaa salfa."

Akanihurumia. Alinipa maji ya kunawa uso, kutoka kwenye kidogo kilichobaki.

Korosho zilipouzwa nilikwenda tena Masasi, safari hii na mke wangu, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kushindwa kuchagua baina ya vitu viwili vinavyofanana. Nilimwambia nimeshachagua, naichukua ile ya pili. Mzee akazitoa zote mbili, akaziweka juu ya meza ya vioo. Nikainua ile ya pili, niliyoipenda, niiage dunia ya kuazima. Siku hiyo jicho halikuwasha. Nikaweka la kulia kama nilivyozoea.

Moshi ukawa umehamia humo.

Damu ilinipanda. Nikamwambia mzee amebadilisha lenzi, ameona nimeipenda hii akaiwekea ile mbovu. Nilisema kwa sauti, na dukani mlikuwa na watu. Mzee aliweka mkono kifuani. "Mwalimu, mimi nimeswali hapa sasa hivi nikarudi. Nikudanganye wewe kwa kipande cha kioo?"

Mke wangu alichukua kamera ya kwanza akachungulia, akachukua ya pili akachungulia, akarudia. "Zote sawa," alisema. "Zote zinaonyesha kweupe mpaka pembeni." Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasogea, akachukua pindo la kanga yake, akaniziba jicho la kushoto pale pale mbele ya wateja.

"Unaniona?"

Nilimwona. Niliona pua yake na mdomo wake. Masikio sikuyaona, wala mabega yake, wala mzee, wala duka. Uso wa mke wangu ulikuwa unaelea katikati ya ukungu, na nilipogeuza jicho kutafuta mkono wake, uso nao ukapotea.

"Baba watoto," alisema taratibu, "vidole vyangu ni vingapi?"

Sikujua kama ameinua mkono.

Hospitalini tulimkuta mtaalamu wa macho, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, mpole. Alinipima muda mrefu, akanimulika, akaniuliza tatizo lilianza lini. Nikamwambia si tatizo, ni salfa, huanza ikipulizwa na huisha mvua ikinyesha. Akaweka kurunzi mezani. "Wazee wote wa huko juu wananiambia salfa," alisema. "Wanaosha kwa maji baridi, wanasubiri mvua. Salfa inawasha kweli, mwalimu, lakini kilichokula jicho lako ni presha ya macho, na yenyewe haiwashi hata kidogo. Kwa hiyo mnakuja wakati huu."

Nilimwuliza wakati huu ndio wakati gani. Alisema la kulia limeshakwenda zaidi ya nusu na kilichokwenda hakirudi, hata kwa upasuaji. La kushoto limeanza. Atanipa dawa ya matone, nitaiweka kila siku ya maisha yangu, na huenda ikalishikilia. Nilimwomba anitajie muda. Akasema hawezi kuniahidi kitu asichokijua, nami nikamheshimu kwa hilo, ingawa usiku ule nilimchukia.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Nilikwenda barazani kwa wazee, nikawaamkia mmoja mmoja, nikawaeleza, na mmoja wao akalia, jambo lililonitisha kuliko maneno ya hospitalini. Shuleni nilianza kugeuza shingo nzima kama kuku ili nione darasa. Pikipiki nikaiuza. Mke wangu hakusema chochote juu ya kamera, na mimi nilidhani anafikiri nimeiacha, kumbe alikuwa anasubiri niseme mwenyewe. Nilipomwambia bado naitaka, alivaa viatu.

Mzee wa duka nilimkuta palepale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamwomba radhi kwa maneno niliyomtupia mbele za watu. Akasema yalishapita, kisha akazitoa kamera zote mbili bila kuombwa, akaziweka mbele yangu. Nadhani alikuwa ameshasikia. Habari za mtu wa Newala hufika Masasi kabla yake.

"Chagua," alisema. "Safari hii usiniulize ipi nzuri. Mimi zote naziona moja."

Sikuchungulia. Nilifumba macho yote mawili, nikaishika ya kwanza, nikatafuta kitufe cha kupigia, kisha gurudumu la mwanga, kisha kile cha kutazama picha. Vitufe vyake vilikuwa bapa, vimelala sawa na mwili wa kamera, vidole vikateleza juu yake bila kujua viko wapi. Nikaiweka. Nikashika ya pili. Kila kitufe kilikuwa kimeinuka, kila kimoja na kinundu chake, gurudumu lina meno, na kidole gumba kikatembea toka kimoja hadi kingine bila kukosea. Nikarudia haraka zaidi. Nikarudia tena. Miezi yote ile ya kusoma mtandaoni, hakuna hata mmoja aliyeandika tofauti hii, na ilikuwa tofauti ya pekee.

"Hii," nikasema. "Hii nitaiweza hata baadaye."

Nikasikia mke wangu anavuta pumzi, kisha mikono yake ikaja juu ya yangu, ikanizuia vidole.

"Fumbua macho, baba watoto," alisema. "Fumbua kwanza. Bado unaona."