Dada Aliposimama kwenye Njano

Mimi ni mtu wa kusimama kwenye njano, na sisemi hivi kwa unyenyekevu. Niliondoka Mbeya na begi moja la mgongoni, nikaosha magari Durban mpaka nikawa naendesha yale niliyokuwa naosha, nikasoma masomo ya jioni hadi nikapata stashahada ya uchukuzi. Miaka yote ile sikuandikiwa kosa hata moja barabarani. Nimerudi kwetu kwa gari langu mwenyewe na nimejenga Ilomba kwa jasho langu. Asiyependa kusikia hayo afunge kitabu hapa.

Kwetu, taa ya njano inapowaka watu wanakanyaga mafuta. Nimewatazama sana pale kwenye makutano yenye taa, ukitokea Ilomba kwenda mjini. Dereva wa Noah anaangalia kama kuna askari. Wa bodaboda haangalii chochote. Mwenye gari jipya anasimama, lakini ni kwa kuogopa kukwaruzwa rangi. Wa lori la kwenda Tunduma ndiye anayenichefua zaidi, kwa sababu taa ameiona tangu mbali. Anajua akisimama itabidi aanze kupanga gia upya na mzigo wote ule mgongoni, basi anaona heri sisi wengine tuhatarishe shingo zetu kuliko yeye kurudi gia ya kwanza.

Dada yangu mkubwa ni mjane na anauza mchele. Anaufuata mwenyewe Rujewa mashineni, anauleta mjini, na kwa muda mrefu alitegemea madereva wa kukodi. Mmoja alimwachia magunia kwenye mvua akaenda kunywa. Mwingine alikuwa anapitia kwanza kwenye shughuli zake, dada anafika sokoni wateja wameshanunua kwa wengine. Nilipompa Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikasema sasa ataendesha mwenyewe, alicheka, kisha akalia kidogo. Alitaka kitu kimoja tu, asimbembeleze tena mwanamume yeyote ili mzigo wake ufike.

Nilimfundisha mimi. Alikuwa mwepesi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Lori likimkaribia nyuma alikuwa anatazama vioo vya pembeni kuliko mbele, na kwenye njano alikuwa anapita kwa hofu, mabega yamepanda hadi masikioni. Nilimwambia mara nyingi kwamba aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kusimama. Alikubali kwa mdomo, mguu ukakataa.

Siku ile tulikuwa tunatoka Rujewa na mzigo. Tulipofika Uyole nilimwambia asimame pembeni, nikashuka, nikavikunja vioo vyote viwili vikalala ubavuni mwa gari. Kile cha ndani kilikuwa hakioni kitu kwa sababu ya magunia. Dada aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba leo ataendesha kwa sheria, siyo kwa woga.

Aliendesha vizuri. Tukapita Ilomba, taa ikiwa kijani mbele yetu, ikageuka njano tukiwa bado na nafasi ya kutosha. Nikasema, "Simama." Akasimama papo hapo, sawasawa kwenye mstari, kama nilivyomfundisha. Nilifungua kinywa nimsifu, na lori likatugonga kwa nyuma.

Halikutugonga kwa nguvu zote, dereva alikuwa ameshashika breki. Lakini mlango wa nyuma wa bodi ulikunjika, magunia mawili yakapasuka, mchele ukamwagika lami nzima, na dada akajipiga kifua kwenye usukani. Nilimtoa nje. Alikuwa anapumua kwa shida.

Hasira niliyonayo mpaka leo inaanzia hapo. Watu walijaa. Hakuna aliyemwendea dereva wa lori. Walituzunguka sisi. Dereva mwenyewe alishuka taratibu, mtu mzima wa makamo, akamtazama dada akiwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, akamuuliza, "Mama, ulisimama ukitegemea nini? Si uliniona nakuja?"

Kijana wa bodaboda akadakia kwamba pengine mama alikuwa anataka kuuza mchele hapohapo. Watu wakacheka. Niliwaambia nina stashahada ya mambo haya, nikawaeleza njano maana yake nini, nikawaeleza umbali wa kuachiana. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa bosi, mbona vioo vimekunjwa?"

Askari alipofika alikuta kosa ni la lori, na aliandika hivyo. Nilishinda. Dada hakusubiri hata asome karatasi.

Wiki iliyofuata alikwenda Kalenga, upande wa Iringa, kwa mjomba wetu, kaka yake mama, aliyeendesha malori mpaka macho yakamchoka. Kirikuu ilitengenezwa, ikakaa uani kwangu. Dada alituma ujumbe kwamba niiuze, yeye atatafuta dereva wa kukodi. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Nikaingia kwenye Kirikuu, nikaenda Kalenga.

Mjomba alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilimwamkia, akaitikia kwa Kihehe, kamwene, kisha akamwita dada aliyekuwa ndani, "Njoo, mwenye cheti amefika. Ficha vioo."

Nilikasirika na nikasema maneno mengi. Nilisema nchi hii inawafundisha watu kuogopa kutii sheria. Nilisema yeye na wenzake ndio waliolea malori haya. Mjomba aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliniambia yeye alikuwa hangoji njano. Akiikuta taa ni kijani tangu mbali, alikuwa anaihesabu kuwa imeshazeeka. Anatoa mguu kwenye mafuta, anagusa breki kidogo mara mbili tatu, taa za nyuma zinawaka, na aliye nyuma naye anaanza kupunguza. Njano ikija wote wawili wameshakubaliana.

Hayo yamo kwenye masomo yangu. Nilifaulu mtihani wa hayo. Sikuwa nimemfundisha dada hata nusu yake, kwa sababu nilitaka kwanza asiwaogope wale watu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwambia, "Dada, vioo nilivikunja mimi. Kosa lile ni langu."

"Najua ni lako," alisema. "Nilikuwa nangoja ulijue."

Alikaa siku tatu zaidi na mjomba, wakizunguka na Kirikuu njia ya Iringa mjini, mimi nimeachiwa mahindi nipukuchue. Siku ya nne tulirudi Mbeya kupitia Rujewa, tukapakia mchele. Aliendesha yeye. Sikusema kitu njia nzima, na anayenifahamu anajua hiyo ni kazi.

Ilomba aliegesha pembeni.

"Shuka," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Hapo mbele nataka kupita peke yangu."

Nilishuka. Nilitembea kwa haraka kando ya barabara, suti yangu nzuri ikila vumbi. Lori la makontena lilinipita, likamfuata nyuma. Taa ilikuwa kijani. Niliona taa za breki za Kirikuu zikiwaka, zikazimika, zikawaka tena. Lori likaanza kuguna, likipunguza. Ndipo njano ikaja, na dada akasimama kwenye mstari, lori likasimama nyuma yake kwa hatua chache tu.

Dereva akaanza kupiga honi, ndefu, mfululizo, taa ikiwa nyekundu kabisa. Kirikuu haikusogea. Nilijikuta nimefika chini ya mlango wa lori lile, napiga bati kwa kiganja, namwambia aondoe mkono wake kwenye honi, kwani huko mbele yake kuna mtu anaendesha.