Brussels hadi Montreal, kwa Maelezo ya Mjomba

Nianze kwa kukiri: namdharau mjomba wangu. Aliwahi kwenda Brussels kwa mafunzo ya wiki mbili, na ingawa anaishi Kanyosha, hapa hapa mjini, akili yake haijarudi mpaka leo. Kila Jumapili anakuja kwetu Kamenge, anakalia kiti kizuri, anatufundisha Ulaya.

Mwaka huu dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza huko Montreal, Kanada, peke yake; mumewe bado anangoja viza hapa mjini. Kwetu mzazi wa mara ya kwanza haachwi hivyo. Lazima mwanamke wa familia aende kumkanda kwa maji moto, ampikie uji, amwogeshe mtoto. Mama hakuwa na njia ya kusafiri. Mjomba akalimaliza jambo hilo huku anatafuna: kazi angeifanya mama mdogo, anayeishi Brussels.

"Atakuwa anapita asubuhi, jioni anarudi kwake. Kule iko karibu karibu."

Mama akamwamini, akalala vizuri wiki nzima. Mimi ndiye ambaye sikulala. Shule niliiacha njiani. Mambo ya ramani nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na nikikosea hata kidogo naanza upya. Nilipima umbali wa ndege kati ya miji hiyo, nikapima tena, nikahangaika kama nianzie uwanjani au katikati ya mji, kana kwamba mtoto angezaliwa ndani ya tofauti hiyo. Jumapili iliyofuata nikasema: ni zaidi ya kilomita elfu tano na mia tano, na sehemu kubwa ni bahari.

"We mutoto ulipanda ndege lini?" mjomba akauliza.

"Sijapanda."

"Basi nyamaza. Mi nilipanda. Kama ndege ni shida, achukue treni."

"Juu ya bahari, mjomba?"

"Wazungu wana treni za kila namna!"

Nilicheka kwa pua, kicheko ambacho mama hakipendi. Safari hii hakunikemea. Alimpigia mama mdogo, akaweka sauti ya juu tusikie sote.

"Ati we utaenda kwa mutoto?"

"Apana, dada. Kule ni kuvuka bahari nzima. Nilimwitikia kaka ili aache kunisumbua."

Mjomba akageukia chai yake. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kuitaja tena ile namba yangu. Mama hakunipa nafasi. Alikuwa ameshampigia dada.

"Uchungu ukikushika, nani anafungua mlango wako?"

Dada akajibu: "Hakuna, mama."

"Nani yuko hapo, wa kufika kwa miguu?"

Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya chini. Walikuwa wakisalimiana tu kwenye ngazi.

"Shuka sasa hivi umpe ufunguo. Usikate simu."

Tulisikia viatu vyake ngazini, kisha akagonga. Mjomba akaanza kueleza jinsi milango ya Ulaya inavyofungwa.

"Kaka, nyamaza," mama akasema, na kule mlango ukafunguliwa.