Siku Tuliyomtoa Dereva Kihengeni

Nikiloweka mashudu ya alizeti kwa ajili ya ng'ombe, ile harufu ya mafuta yaliyochacha kidogo hunipanda puani, na mara nyingine inabidi niweke ndoo chini kwanza. Watoto wangu hudhani ni mgongo. Sijawahi kuwaambia. Nawaambia ninyi, na mnivumilie, maana shule yangu iliishia la saba, na kuna mahali ambapo sina hakika na kumbukumbu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na moja. Ulikuwa wakati wa ruksa, watu walipoanza kununua na kuuza walivyotaka. Siwezi kuusema vibaya wote wakati ule: sabuni ilipatikana, khanga zilipatikana, na alizeti yetu ilianza kugombewa na wanunuzi. Lakini basi la serikali lililokuwa likipita kijijini kwetu, kaskazini ya Iguguno, lilikoma kuja, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Magari ya watu binafsi yalikuja siku ya mnada tu, maana siku hiyo ndiyo ilikuwa na abiria. Ukiugua siku nyingine, gari lako lilikuwa moja, Landrova nyeupe ya kituo cha afya.

Dereva wake aliitwa Zefania, mtu wa hapo hapo kijijini, baba yake Naomi niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mtu wa mzaha. Akitukuta njiani tukitoka shule alipiga honi bila sababu yoyote, ili turuke tucheke.

Mama mdogo Eliamani, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, alishikwa na uchungu siku isiyo ya mnada. Asubuhi ya pili mkunga wa kituo akasema mtoto amekaa vibaya, akaandika karatasi ya kwenda hospitali mjini. Gari halikuwepo. Mkunga alisema limekwenda kikazi, akatazama chini. Basi wanaume wakamlaza mama mdogo kwenye kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabara kubwa, nasi tukafuata nyuma, mimi nimeshika kibuyu cha maji.

Tulikaa pale, jua likapanda. Mama mdogo aliuma upindo wa khanga yake, na kila maumivu yalipokuja alinikamata kifundo cha mkono mpaka kucha zikaingia. Halafu tukaona vumbi, na ndani ya vumbi ile Landrova. Watu wakasimama, wengine wakaanza kumshukuru Mungu. Ilipokaribia tukaona imejaa magunia ya alizeti mpaka darini, na machela ya wagonjwa imefungwa juu kwa kamba ili kupisha mzigo.

Zefania alisimama. Naandika hilo kwa sababu siku hizi watu husimulia kwamba alipita tu, na si kweli. Alishuka, akamwona mgonjwa, akashtuka. Baba yangu akamwambia washushe magunia pale pale barabarani, yeye atayalinda. Zefania akasema mzigo ule ni wa bwana mkubwa wa wilayani, na ameamriwa uwe umefika kwa mnunuzi mjini kabla ya saa sita. Ataufikisha halafu atarudi mbio. Wanawake wakapaza sauti, mmoja akamshika shati. Ndipo akatoa neno. Nadhani alilitoa kwa hofu, au kwa yale mazoea yake ya mzaha.

"Ngojeni kidogo, mama zangu. Uchungu haujaanza leo duniani."

Alirudi. Hilo nalo ni kweli. Alirudi alasiri, gari tupu, sakafu imejaa mbegu zilizomwagika na kupondwapondwa. Mama mdogo alikuwa ameshafariki, na mtoto yumo tumboni. Tulimrudisha nyumbani kwa gari lile lile. Mimi nilikaa miguuni pake, nikiokota maganda ya alizeti yaliyomganda kwenye nyayo, mikono yangu ikinuka mafuta.

Kwetu Wanyiramba lipo jambo ambalo mwanamume hathubutu, nalo ni kuudharau uchungu wa kuzaa. Akiudharau, hakumkosea mwanamke mmoja, amewakosea wote. Wanaacha vyungu na mashamba, wanachukua michi na fimbo, wanakwenda kukaa nyumbani kwake. Wanachinja mbuzi wake, wanakula akiba yake, wanamwimbia aibu zake, mpaka atoe dume la ng'ombe la kuomba radhi. Wanaume hawaingilii, hata mwenyekiti wa kijiji hujifungia ndani. Nilikuwa nimeyasikia kwa bibi tu. Siku ya tatu baada ya msiba niliyaona, na bibi mwenyewe, mama wa marehemu, ndiye aliyekuwa mbele.

Walivunja mlango wa Zefania. Wakang'oa mabati. Wakachinja mbuzi watatu palepale uani, damu ikachuruzika hadi kwenye mafiga. Mkewe alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa bila kuwazuia, maana naye alikuwa mwanamke na mila ilimtaka awe upande wetu. Zefania hakuonekana. Wakasema amekimbilia Singida.

Mimi nilijua hajakimbia. Asubuhi ile Naomi alikuwa ameniambia, na akaniapisha nisiseme, kwamba baba yake amejificha ndani ya kihenge cha mtama nyuma ya zizi, na kwamba yeye ndiye humpelekea uji. Nikamtazama bibi, nikatazama zile alama za kucha mkononi mwangu. Nikanyoosha kidole. Hakuna aliyeniuliza wala kunilazimisha, na sitaki mtu anitetee kwa hilo.

Wakakipasua kihenge kwa shoka. Mtama ukamwagika, na Zefania akamwagika nao, anapiga chafya, mwili wote vumbi. Mchi wa kwanza ulimpata begani. Mchi ukitua juu ya mtu haulii kama juu ya nafaka; sauti yake ni fupi. Akainua mkono wa kulia kujikinga uso, wakauvunja. Jirani yetu mmoja, mwanamke mpole niliyezoea kumwona kwaya ya kanisani, akamkanyaga kifuani akamsukumia ncha ya mchi jichoni. Zefania, damu mdomoni, alirudia tena na tena maneno haya.

"Niulizeni nani kanituma. Niulizeni tu."

Au pengine mimi ndiye niliyeyasikia hivyo, kelele zilikuwa nyingi. Hakuna aliyemuuliza. Aliyejitupa juu yake alikuwa bibi yangu. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amemzika binti yake, na sasa alimfunika mtu yule kwa mwili wake, mchi mmoja ukampata yeye kiunoni. Alisema taratibu, kama anayewakumbusha watoto, "Mila ni kumla mbuzi. Si kumla mtu." Wakaacha. Naomi alikuwa amesimama penye zizi, akinitazama mimi, si baba yake.

Zefania hakufa. Lakini gari la kumpeleka hospitali halikuwa na dereva, kwa kuwa dereva alikuwa yeye. Walimpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Juma lililofuata yule bwana mkubwa wa wilayani, mwenye magunia, alifika na polisi, tukakusanywa uwanja wa shule. Alisema juu ya mila zilizopitwa na wakati na watu kujichukulia sheria mkononi, na kwa haki, mengi aliyoyasema yalikuwa sahihi. Wanawake wanne wakapakiwa garini. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Baba alitazama kofia yake. Mkunga aliangalia mbali. Tulikuwa wengi tulioyaona magunia.

Nilipokwisha kuwa na watoto wawili ndipo nilipokwenda kwa Zefania. Nilimkuta anasokota kamba kwa mkono mmoja na vidole vya mguu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia kwamba kidole kile kilikuwa changu. Akasema alijua tangu siku ile. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Lile neno nililisema mimi, mwanangu. Nisingelisema, mama zako wasingenigusa, na magunia yangeendelea kusafiri bila mtu kuuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jicho."

Nikamuuliza kuhusu bwana mkubwa, kama alipata kujificha siku zile. Akacheka sana.

"Ajifiche nani asimwone? Nani alikuwa anamtafuta?"

Utotoni niliamini haki imetendeka kwa sababu niliona damu. Sasa naona kwamba mama mdogo hakuuawa na neno. Neno lilituchoma, tukalishughulikia kama tulivyofundishwa, tena kwa bidii. Magunia yalikuwa na mwenyewe. Naye alikuja kwa miguu yake mpaka uwanja wa shule, akatuuliza tuna swali gani, nasi tukampigia makofi.