Mdogo Wangu Ana Watoto Saba, Anataka Kanisani Nitaje Sita

Kosa tunalolifanya Wakristo wengi ni kuupima wokovu wa mtu kwa vitu alivyovitupa. Ameacha pombe, tunapiga makofi. Ameacha ngoma, tunapiga makofi. Amefukuza mke na mtoto mchanga, tunapiga makofi vilevile, kwa sababu mikono imeshazoea. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mniwie radhi nikieleza polepole.

Mimi ni mama wa miaka sabini na minne, mjane, naishi Nkuhungu. Admin, jina langu libaki kwako, na majina nitakayoyataja si ya kweli. Nina mdogo wangu wa kiume, mzee wa kanisa, anaheshimika kuliko anavyostahili. Alifunga ndoa kanisani akiwa kijana. Wifi yangu ni mwanamke mwema, sina neno naye. Baadaye, akiwa msimamizi kwenye shamba la zabibu la serikali kule Makutupora, akaoa mke wa pili kimila, binti wa kijiji cha Busi, nimwite Paulina. Ng'ombe walitoka, wazee walikaa, na nyama ya siku ile niliila nami. Kanisa likamtenga asishiriki meza ya Bwana. Hakujali, maana alikuwa na mshahara na wake wawili.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa kila kona, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Mwanaume akikosa cheo kazini hukitafuta kwingine. Yeye alikipata kwenye mkutano wa injili, uwanjani, penye jenereta na vipaza sauti. Akaokoka. Sidharau kuokoka, nami nasali. Ninachokidharau ni kilichofuata.

Ili arudi kundini, alitakiwa abaki na mke mmoja. Mchungaji wetu wa zamani, kwa watu wa namna hiyo, alikuwa akielekeza mke wa pili ajengewe nyumba yake, aachiwe shamba, na watoto wabaki watoto. Mdogo wangu aliona huo ni wokovu wa gharama kubwa. Akamrudisha Paulina kwao Busi wakati wa njaa, mtama umekwisha ghalani, binti yao Yunisi akiwa mgongoni. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kwa suti ya mtumba akashuhudia jinsi alivyomshinda shetani. Kina mama wakapiga vigelegele. Shetani huyo ndiye aliyemfulia shati alilolivaa. Akamalizia kwa kusema Paulina amemsamehe. Mpaka leo sijaelewa alimsamehe nini.

Yunisi alipofika umri wa shule nikamchukua, akasomea hapa mjini. Baba yake alikuwa akija kwangu anamwamkia kama mtoto wa jirani, anamuuliza masomo yanaendaje, bila kusubiri jibu. Leo Yunisi ni mtu mzima, ana kazi ofisini na watoto wawili, na kila mwaka huenda Busi kumtazama mama yake.

Sasa mdogo wangu na wifi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na ibada ya shukrani ni mwezi ujao. Kwetu, siku kama hiyo, shangazi wa watoto husimama mbele akawaita kwa majina, mmoja mmoja, waje wawekewe mikono na wazazi. Shangazi ni mimi. Akaja nyumbani juzi, akaniamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote, akanywa chai, akaniambia niite watoto sita.

Nikamwambia ninawajua saba.

"Dada, yule ni wa kabla sijaokoka. Maisha yale Bwana aliyafuta."

"Na wale wanne wakubwa wa wifi, waliozaliwa ukiwa unanywa pombe, nao walifutwa?"

"Wale ni wa madhabahuni, dada."

"Madhabahuni hazaliwi mtu. Ongeza sukari."

Akaongeza sukari, kisha akasema kitu nilichokijua siku zote ila sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Alisema akimtaja Yunisi mbele ya watu, ushuhuda wake wote utakuwa kichekesho. Ndugu zangu, mmeona? Miaka thelathini na zaidi ya kuhubiri imesimama juu ya mgongo wa mtoto asiyetajwa. Mtu anaogopa jina la binti yake kuliko anavyomwogopa Mungu, kisha anatufundisha sisi malezi ya kikristo. Akaniaga kwa kusema kama nitapata shida, wapo wengine wa kusoma majina.

Yunisi alisikia habari za ibada kwa binamu zake, akaja. Hakulia. Akanisaidia kuchambua mlenda, mikono inakwenda, halafu akasema taratibu: "Shangazi, sitaki shamba lake wala nyumba. Nataka siku moja niitwe, niende mbele, nirudi nikae. Basi."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwita Yunisi, wifi yangu ataaibika katika siku yake, naye hakumfukuza mtu. Alibebeshwa mengi kama Paulina. Tena mdogo wangu anaweza kumwacha binti amepiga magoti mbele ya kanisa zima bila kumgusa, nami nitakuwa ndiye niliyempeleka kwenye aibu hiyo. Nikiwaita sita, nimesema uongo mahali ambapo nimefundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Nikikataa kusimama, atasoma mwingine, na Yunisi atabaki pale alipo.

Ninyi mnaosali na mliolelewa nje ya ndoa, niambieni kwa uwazi: nimwite, au nisimwite? Msinifariji, nielekezeni.

Na wewe baba unayesoma haya, mwenye mtoto usiyemtaja mbele za watu: mpigie simu leo, mkeo akisikia, umwite "mwanangu".