Kozi ya Kupiga Mbizi, na Mengineyo

Mwaka wa kwanza wa korona, chuo nilichokuwa nikifundisha huku ughaibuni, pale Parramatta, kilinipunguzia vipindi mpaka vikaisha. Taarifa ilikuja kwa barua pepe iliyoanza kwa kunishukuru. Nilikuwa mhadhiri wa kibarua, mwenye miaka arobaini na tisa na shahada mbili, na sasa nilikuwa pia mtu wa kukaa kibarazani kwetu Macquarie Fields nikitazama majirani wakitoa mapipa ya taka. Mke wangu hakupunguziwa kitu. Alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee, na wazee hawaachi kulishwa na kuogeshwa kwa sababu dunia imefungwa. Kila alfajiri alitoka na barakoa yake, nami nikabaki na hasira zangu.

Tulikuwa na akiba moja. Ilitosha kumsomesha mtu mmoja, si wawili. Mke wangu alikuwa na mpango wa kuingia diploma ya uuguzi kwenye chuo cha ufundi cha Campbelltown, aache kuwageuza wazee kitandani kwa amri ya watu wengine na aanze kuwahudumia kwa leseni yake mwenyewe. Mpango huo alikuwa nao kwa miaka minne. Mimi nilitaka kuwa mwalimu wa kupiga mbizi. Mpango huo nilikuwa nao kwa wiki sita.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Dodoma. Maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kwenye pipa, na yalikuwa na zamu. Lakini wenzangu chuoni wakisikia Tanzania waliona ufukwe, na mimi, kwa uvivu na kidogo kwa sifa, sikuwasahihisha. Mmoja wao alinialika kwenye kozi ya wanaoanza. Nikaenda, nikapata kadi ya mpiga mbizi, na ukweli ni kwamba niliipenda. Kule chini hakuna mtu anayeweza kukuandikia barua pepe.

Mwenye duka la mbizi aliona haraka kwamba nina muda mwingi na akili kidogo. Akaniketisha na kunionyesha kijitabu chenye picha ya mtu anayecheka juu ya boti. Ukilipia kozi zote kwa pamoja, alisema, unatoka hapa ukiwa msimamizi, kisha mwalimu, na cheti kinatambulika dunia nzima.

"Dunia nzima imefungwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Mipaka ikifunguliwa watalii watamiminika, na walimu watakuwa wameshaacha kazi. Anayejiandaa sasa ndiye atakayekula."

Nikamjibu kwamba nitaliangalia. Kwetu hiyo ni hapana iliyovaa suti. Yeye alisikia ndiyo inayotafuta kalamu, akanipangia Jumamosi tatu za kuonja kazi, bila malipo, kwa faida yangu mwenyewe.

Nilivyoonja kazi ni hivi. Nilipanda treni mbili hadi pwani ya kusini ya jiji. Nilibeba mitungi ya hewa kutoka kwenye gari hadi kwenye ngazi za mawe, na kutoka kwenye ngazi hadi kwenye gari. Halafu nikasuuza zile nguo za mpira ambazo wateja huzikojolea wakiwa majini, kisha kila mmoja hukana. Niliwahi kuandika tasnifu. Nilisimama nyuma ya duka na bomba la maji, nikanusa matunda ya elimu ya juu.

Aliyetusimamia alikuwa mwalimu wa kike wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, hodari sana majini. Yeye ndiye aliyekuwa na jibu la swali langu lote: mtu akishamaliza hizi kozi, anaishi kwa nini? Lakini nimelelewa kwamba mtu haulizwi mshahara wake machoni. Unazunguka. Unasema, maisha yanakwendaje, kazi inalipalipa? Jumamosi ya kwanza nikazunguka, akasema mambo mazuri. Ya pili nikazunguka tena, akasema mambo mazuri. Ya tatu nikamuuliza anaishi mtaa gani. Akanyoosha kidole kwenye gari lililoegeshwa chini ya mti, lenye pazia dirishani.

"Na jioni tatu kwa wiki napanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi," akasema. "Usiache kazi yako."

"Sina kazi."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Basi usiache kazi ya mke wako."

Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani na jibu hilo. Mimi nilirudi nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuishi garini, kana kwamba alifanya hivyo kuniharibia mpango. Nilipoulizwa nyumbani siku ilikwendaje, nilisema kazi ina mustakabali.

Halafu ukaja mwaka wa pili, na mwezi Juni jiji likafungwa. Baada ya wiki chache sisi wa kusini magharibi tukafungwa zaidi ya wengine. Kilomita tano kutoka nyumbani, basi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu kama inayotafuta majambazi, wakati tulikuwa tunatafuta mayai. Mke wangu alipimwa puani kila baada ya siku tatu ili aruhusiwe kwenda kuwaosha wazee wa mitaa mingine. Usiku kwenye taarifa ya habari tuliwaona watu wa upande wa mashariki wa jiji hilohilo wamelala ufukweni, mmoja ana mbwa, mmoja ana kahawa. Hasira niliyokuwa nayo wakati ule sijaimaliza mpaka leo, na sitaki kuimaliza.

Katikati ya hayo mwenye duka akapiga simu. Nadharia yote sasa inafundishwa kwa kompyuta, akasema, kwa punguzo, mradi nilipe kianzio kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Bahari ilikuwa zaidi ya kilomita thelathini, nami sikuruhusiwa kufika hata stesheni ya tatu. Alitaka kuniuzia mawimbi kwa njia ya kompyuta. Nikamwambia nitaliangalia.

Ijumaa hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mke wangu kuthibitisha nafasi yake chuoni. Walikuwa wamemkubali.

Nikafanya alichofanya baba yangu na babu yangu walipotaka uamuzi usiwe wao: nikaitisha kikao cha ukoo. Tulikutana kwa video, Jumamosi saa kumi na mbili jioni yetu, saa tano asubuhi yao. Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti tangu nikiwa darasa la pili, alifungua kwa kutukumbusha tuzime vipaza sauti, chake mwenyewe kikilia muda wote. Mke wangu alisalimia kama mkwe anavyosalimia, kisha akakaa pembeni ya kompyuta, asipoonekana, akisikia kila neno. Nikatoa hoja yangu. Niliieleza vizuri. Nimefundisha kwa miaka kumi na nane, najua kukieleza vizuri kitu nisichokiamini.

"Mwanangu," akasema baba mdogo, "hao unaowafundisha, mmoja akizama, anafungwa nani?"

"Kuna bima, baba mdogo."

"Bima inafungwa?"

Shangazi akaingilia. "Hayo maji yana papa au hayana?"

"Yana, shangazi, ila si..."

"Yana. Nimeuliza tu." Akasogeza simu karibu na uso. "Lakini mimi nasema aende. Mwanamume hawezi kushinda kibarazani mke anatoka kazini anamkuta vilevile. Watu wanaongea."

"Watu gani, shangazi? Tumefungiwa ndani."

"Watu wa huku."

Nilikuwa nimetegemea wakatae. Huo ndio ukweli ambao sikujiambia siku ile. Nilitaka wazee wanizuie ili niwakasirikie wao maisha yangu yote, mtu aliyenyimwa bahari. Badala yake walinibariki, mmoja baada ya mwingine. Ndipo nikasema, kwa sauti niliyoiona ya kiungwana, kwamba kuna pia suala la mke wangu kutaka kusoma uuguzi.

"Hilo tuliweke kwenye mengineyo," akasema baba mdogo, na nikasikia kalamu yake.

Kwenye mengineyo kulikuwa na kujengea kaburi la babu. Saruji au vigae? Vigae vya rangi gani? Tulikaa kwenye rangi mpaka wawili wakaishiwa bando. Kisha shangazi akaombwa afunge kwa sala, na akaniombea pumzi yangu chini ya vilindi, kwa kirefu. Nikasikia mke wangu pembeni yangu akisema amina.

Akafunga kompyuta yeye mwenyewe. "Hongera, Profesa," akasema, akaenda kupiga pasi sare yake.

Siku nne baadaye nilimkuta jikoni akimenya viazi. Akaniambia bila kugeuka kwamba ameshawaandikia chuo. Ameahirisha.

"Nani amekwambia uahirishe?"

"Kikao."

"Kikao hakikusema hivyo. Wewe si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Na wewe ulikuwapo, na wewe ndiye uliyekuwa na kipaza sauti."

"Mimi nilikutaja."

"Ulinitaja baada ya papa." Akaweka kisu chini. "Yule mwalimu wako anaishi wapi?"

Sikuwa nimemwambia habari za lile gari; sijui alinusa wapi. Nikamwambia hapo, na kila nilichojua lakini sikutaka kukijua. Kwamba bima hulipwa kila mwaka upate wanafunzi au usipate. Kwamba vifaa vyote ni vyako, na masikio ni yako pia, na daktari wa Campbelltown alikuwa ameyaangalia yangu na kusema nayo yameshazeeka. Kwamba vibarua vya mbizi hupatikana wikiendi bahari ikitulia, na huchukuliwa na wenye miaka ishirini na mitano wasiolipa kodi ya nyumba. Kwamba duka lile halikuwa likiishi kwa kupeleka watu baharini. Lilikuwa likiishi kwa kuwauzia watu kama mimi kozi za kuwa walimu.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumamosi ya tatu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akarudi kwenye viazi.

Nikampigia mwenye duka nikasema hapana, neno lenyewe, uchi. Akaniuliza kama nimeamua kuiacha ndoto yangu. Nikamwambia yeye ni mchuuzi wa mitungi na aache kushikashika ndoto za watu. Nilimwambia na mengine ambayo baba mdogo asingeyaweka kwenye kumbukumbu.

Kisha nikaandika kwenye grupu la familia. Nilianza hivi: Wazee wangu, baada ya kutafakari, nimeamua kumpisha mke wangu asome kwanza. Nikampa asome kabla sijatuma.

"Kumpisha?" akasema. "Kwani nafasi ilikuwa yako?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Futa. Andika ulichofanya."

Ilinichukua saa nzima kuandika mistari mitatu. Kwamba kozi ya mbizi haikuwa na faida. Kwamba nilijua kabla ya kikao, nikawaficha wao na mke wangu. Kwamba anayekwenda shule ni yeye. Baba mdogo akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu: uamuzi wa kikao hautenguliwi kwa meseji, unatenguliwa na kikao. Nikaandika kwamba mwenye akili zake hatahudhuria. Shangazi akatuma mikono ya sala, na sijui alikuwa akimwombea nani.

Ijumaa mke wangu alipiga simu chuoni akiwa kwenye mapumziko, amekaa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee. Nafasi yake ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine. Walimwandika kwenye awamu inayofuata, miezi sita mbele. Aliniambia hayo jioni, mlangoni, akivua viatu na kutumbukiza sare kwenye ndoo ya sabuni kama alivyofanya kila siku ya ugonjwa ule. Nikafungua mdomo.

"Usiniambie pole," akasema. "Lipa."

Nikalipa kianzio cha chuo palepale, yeye amesimama nyuma yangu akisoma kila tarakimu kabla sijabonyeza. Miezi sita mingine aliendelea kuwageuza wazee kitandani kwa amri ya watu wengine. Watu wakiniuliza kama kozi ya ualimu wa mbizi ilikuwa ghali, huwa nawajibu kwamba sikuisoma hata siku moja, na kwamba ilikula miezi sita ya mke wangu.