Neno la Kuwasha Seva

Mume wangu aliniaminia watoto wetu, mama yake alipougua, na hata siri za kaka zake. Neno la siri la kuwasha seva ya hospitali akaninyima. Nasema hili mapema ili msomaji ajue nilivyokuwa nimevimba kwa hasira.

Tunafanya kazi pamoja katika hospitali ndogo ya watu binafsi hapa Manundu, mimi muuguzi wa wodi ya wazazi, yeye fundi wa kompyuta. Seva yetu, ile kompyuta kuu, inatumia mfumo wa Unix, imekaa katika kijichumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na ndani yake mna kila kitu: majibu ya maabara, dawa, historia za wagonjwa. Kwa miaka mingi kijichumba hicho hakikuwa na mwenyewe. Mfumo ukiwa mzito, yeyote aliyekuwa karibu aliingia, akabonyeza kitufe mpaka taa zikafa, akawasha tena. Wapo waliosema Bismillahi kwanza. Mmoja alikuwa akiipigapiga mgongoni taratibu, kama anayemcheulisha mtoto.

Bingwa wa tiba hiyo alikuwa mkunga wetu mkongwe, ambaye hospitali nzima tunamwita Bibi. Amezalisha nusu ya wanawake wa mji huu, mimi nikiwemo, mara tatu. Kumkatalia Bibi kitu halikuwa jambo nililowahi hata kuliwaza.

Siku moja alikuja mama wa Kimasai kutoka tambarare za Handeni, na mtoto anayechemka kwa homa. Damu ikachukuliwa, ikapimwa, maabara wakawa wanaingiza majibu. Bibi akaona kompyuta ya wodini inasuasua, akaenda kubonyeza. Majibu yakapotea, na sampuli ilikuwa imeshamwagwa. Tukamwendea yule mama na sindano nyingine.

"Ile damu ingine mmepeleka wapi?" akauliza, amemkumbatia mtoto wake. Hakupaza sauti. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mume wangu alikuwa mlangoni na swali alilisikia. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile.

Kesho yake akaifungua seva, akaung'oa waya wa kitufe. Akapanga kwamba hakuna wa kuizima wala kuiwasha upya kwa kibodi, isipokuwa mwenye neno la siri. Tena ikiwaka, hata kama imejiwasha baada ya umeme kukatika, lazima kwanza iulize neno hilo. Neno akalijua yeye na mkuu wa maabara, basi.

"Na mimi?" nilimuuliza jikoni, nikisonga ugali.

"Wewe hapana, mama watoto."

"Kwa nini?"

"Wewe hujui kumkatalia mtu."

Ugali ule niliusonga kwa hasira mpaka ukawa jiwe. Wiki nzima nilimwita "Bwana Fundi", na chai nilimwekea mezani bila kumwambia karibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mimi ndiye ninayeazimwa kanga zisizorudi. Mimi ndiye ninayeshika zamu za wenzangu wenye harusi, wenye wageni na wenye usingizi.

Masika yalipofika, mume wangu akaenda kwao Kwamsisi kuzika. Mchana ule umeme ukakatika, na betri ya akiba ikaisha. Umeme uliporudi seva ikajiwasha, ikauliza neno la siri, ikatulia kusubiri. Mkuu wa maabara alikuwa safarini, simu haipatikani. Na wodini kwangu kulikuwa na mama anayetakiwa kupasuliwa haraka, mtoto amechoka tumboni.

"Uzazi uliopita mlinipa dawa nikavimba mpaka koo," alituambia huku akihema. "Jina lake silijui."

Jina lilikuwa ndani ya seva. Daktari alishika bomba la sindano, asithubutu.

Nilipiga simu Kwamsisi mpaka vidole vikauma. Mwishowe akapokea, nyuma yake watu wanaomba dua. Nikamweleza.

"Uko peke yako?" akauliza.

Nikaufunga mlango wa kijichumba. "Niko peke yangu."

Akanitajia herufi moja moja. Halikuwa jina langu wala la mtoto wetu yeyote, bali herufi na namba zilizovurugwa hovyo. Hata hapo mapenzi hakuna! Lakini seva iliitika, jina la dawa likaonekana, daktari akatumia nyingine, na mtoto akatoka analia. Nami nililia kidogo, pale pale kwenye korido.

Mume wangu aliporudi alirekebisha lile alilozidisha: umeme ukirudi, seva iendelee yenyewe, neno liulizwe tu kwa anayetaka kuiwasha upya kwa makusudi. Kisha akasema jioni atalibadilisha neno lenyewe, maana sasa nalijua.

"Libadilishe," nikasema, na moyo ukaniuma.

Kabla ya jioni Bibi akaja. "Mwanangu, mashine nzito leo. Neno si unalo sasa? Hebu niwashie upya."

Nikachungulia maabara. Walikuwa wanaingiza majibu. "Ndiyo, bibi" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Hapana, bibi," nikasema. "Maabara hawajamaliza. Tusubiri."

"Hapana?"

"Hapana, bibi. Unisamehe."

Alinitazama, mikono iliyowapokea wanangu watatu imeshika kiuno. Kisha akasogea kwenye benchi, akakaa, akapigapiga ubao pembeni yake ili nami nikae. Tukasubiri wote wawili mpaka majibu yakaingia.

Saa ya kutoka nilimkuta mume wangu akifunga kijichumba. Nilimuuliza kama neno ameshalibadilisha.

"Bibi ameshanisimulia. Nilibadilishe la nini?" akasema, akanikabidhi ufunguo.