Pikipiki la Kicheki na Maksai wa Meatu

Siku ya kwanza kazini pale Bariadi, Bwana Mifugo alinionyesha pikipiki la Kicheki, jekundu, tangi limevimba kama ng'ombe mwenye mimba.

"Kijana, unaliweza hili?"

"Bosi, nimezaliwa juu yake!"

Nilikuwa najua baiskeli tu. Nikapiga kiki, likanipitisha gulioni, nikarudi na nyanya mabegani. Bosi akasema, "Umeajiriwa. Nyanya lete hapa."

Mapikipiki yale, wajukuu zangu, oili unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi. Ukiipunja, pistoni inaganda. Na moshi wake! Nilipohamishiwa Maswa, mbu waliomba uhamisho. Tabia mbaya lilikuwa nayo moja: ukilizima likiwa la moto, haliwaki mpaka lipoe.

Basi siku moja tukiwa Meatu, bosi yule yule yuko nyuma yangu kakumbatia chupa ya barafu yenye chanjo ya ng'ombe. Vijiji viwili vinatusubiri. Barafu ikiisha, chanjo imeharibika, na ng'ombe walikuwa wanakufa kweli.

Kijiji cha kwanza, mzee mwenye mji akatoka zizini.

"Mwangaluka, baba!" nikapaza sauti, injini inanguruma.

"Unanisalimia au unanitukana? Zima. Shuka."

"Baba, nikizima haliwaki!"

"Basi rudi nalo hivyo hivyo. Ng'ombe wangu hawachanjwi na mtu asiye na salamu."

Nikazima. Tukasalimiana: watoto, mvua, mifugo, mpaka mbwa. Tukachanja. Kuondoka sasa, napiga kiki, kimya. Nikapiga mpaka soli ya kiatu ikabaki chini. Bosi anatikisa chupa, uso umemshuka.

Mzee akacheka. "Ng'wanawane, mwanangu, mnyama wako kachoka? Nikuazime wangu."

Akaleta maksai wawili wa plau, akafunga kamba kwenye usukani. Tukapanda, bosi nyuma na chupa yake. Wakavuta, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Pwaa! Likawaka, na maksai wakadhani chui yuko nyuma. Wakatimka!

"Fungua kamba!" bosi analia.

"Bosi, we shika chupa!"

Tulifika kijiji cha pili kabla sijaweka gia ya tatu. Barafu imebaki kama gololi, lakini ipo. Tukachanja zizi zima, na wale maksai bosi akawachoma tena, kwa hasira.

Kesho yake mzee akaja kwa miguu hapo tulipolala kuchukua maksai wake. Hakudai kitu. Alitaka apakiwe kwenye pikipiki. Nikampakia, tukazunguka mji kwa mji, anapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana mnabonyeza kitufe, linawaka, mnapita. Sisi tulikuwa tunakwama, ndiyo maana kila mji wa Meatu nina pa kunywa maziwa.